Mkono wa Kushoto wa Baba

Njombe, 5 Juni 2023

Mdogo wangu Lenard,

Kamwene. Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Leo alfajiri bustani nzima ilikuwa nyeupe kwa sakitu. Baba hajambo.

Nakuandikia kwa ajili ya saa yake. Unaijua, ile nyembamba aliyopewa na meneja wa kiwanda cha magome ya miti ya miwati wakati meneja huyo anarudi kwao. Imeanza kusimama. Ukiichukua na kuitikisa inaamka, kesho yake imelala tena. Nilimpelekea fundi wa hapa stendi, akaifungua, akaitazama, akaifunga. Akaniambia, "Mama, hii mimi siigusi. Nyembamba kama biskuti! Nikiharibu nitakimbilia wapi?" Nikakukumbuka wewe.

Baba hajui kuwa inakuja kwako. Nimemwambia inakwenda kwa fundi wa Makambako, na huo si uongo. Ifanyie haraka, maana bila saa yake hatulii.

Ningekuandikia kwenye simu, lakini saa haipiti kwenye simu. Halafu wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba tangu masikio yako yafe, ujumbe wa simu unaona kama watu wanakufokea. Basi nimempa Hilary, kondakta wa basi la asubuhi. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Dada yako,
Hulda

*

Makambako, 19 Juni 2023

Dada Hulda,

Shikamoo. Saa ilifika salama. Hilary aliishika kama amebeba yai.

Fundi wenu wa stendi alikuwa na haki ya kuogopa. Ukiitoa mashine yake kwenye kasha, unene wake ni kama wa sarafu. Walioitengeneza walipunguza kila kitu mpaka kikakaribia kuisha. Vichwa vya skrubu vimekuwa bapa kiasi kwamba bisibisi ikiteleza, umeshaharibu. Nilifunga mlango wa kibanda ili upepo wa hapa usiniingizie vumbi, wateja wakadhani nimefiwa.

Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama ulimbo. Nilivitoa vipande vyote, nikaviosha kwa petroli safi, nikatia mafuta mapya kwa ncha ya sindano pale tu yanapotakiwa. Halafu nikagundua kosa jingine. Ndani yake kuna kipande kizito cha chuma, mfano wa nusu mwezi, kinachozunguka mtu anaposogeza mkono. Mzunguko huo ndio unaokaza springi. Saa hii haikazwi kwa vidole. Kile kifungo cha pembeni kinasogeza mishale tu. Sasa mfuniko wa nyuma uliwahi kubonyea, na ile nusu mwezi ilikuwa ikiukwaruza kila inapopita. Nimeunyoosha taratibu kwa kijiti cha mwanzi.

Nimeivaa mwenyewe kuijaribu. Haikuchelewa, haikuwahi. Utotoni sikuruhusiwa hata kuigusa, na sasa nimelala nayo mkononi. Sikuulizi kama ananitaja. Mpe tu saa yake.

Mdogo wako,
Lenard

*

Njombe, 27 Juni 2023

Mdogo wangu,

Asante sana. Ilipofika ilikuwa inatembea vizuri, nami nikamvalisha. Alifurahi siku ile, akawa anaitazama na kuguna. Kesho yake jioni ikasimama.

Amekasirika. Amesema, "Fundi gani huyo?" Nairudisha kwako. Labda kuna kitu kidogo kilikuponyoka, na si ajabu, maana mashine yenyewe ni ndogo hivyo. Usijali maneno yake, unamjua.

Viazi mwaka huu vimeoza shambani Kifanya kwa sababu ya mvua za mwisho. Nimechelewa kwenda kuvichimba. Nimekuwa na kazi nyingi hapa nyumbani.

Hulda

*

Makambako, 6 Julai 2023

Dada,

Shikamoo.

Nimeifungua upya. Nimeipitia kwa lenzi gurudumu kwa gurudumu. Hakuna kilichoniponyoka. Nimeivaa kazini, nimeivaa sokoni, nimeivaa nikipasua kuni. Inakwenda.

Kwa hiyo sasa niulize kwa uwazi: baba ameshajua kuwa fundi ni mimi? Kama anajua, basi naelewa. Anaweza kuivua akaificha kabatini, ikisimama aseme yule kiziwi ameishindwa. Kiziwi nimezoea, dada. Lakini kazi yangu asiiguse. Watu wananiletea saa kutoka Mafinga na Songea, wananiandikia shida zao kwenye karatasi, nami nawarudishia saa zinazotembea. Mwambie hivyo. Au usimwambie, maana yeye na mimi tulimaliza mazungumzo zamani.

Nairudisha. Isinijie tena.

Lenard

*

Njombe, 14 Julai 2023

Lenard, mdogo wangu,

Imesimama tena. Tafadhali usikasirike. Hajui kuwa ni wewe, naapa mbele za Mungu. Wala haivui. Nilimvalisha kwa mikono yangu ile siku Hilary alipoileta, na mpaka leo ipo pale pale juu ya blanketi, sijaivua hata wakati wa kumwogesha. Jana nilimlisha uji huku naitazama nikidhani macho yangu ndiyo mabaya. Mishale imelala.

Labda imezeeka tu kama sisi wenyewe tulivyozeeka. Iache. Nitamwambia fundi amesema haiponi.

Hulda

*

Makambako, 18 Julai 2023

Dada Hulda,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mpaka nikaacha kuisoma kama mdogo wako, nikaisoma kama fundi.

Saa haina kosa. Nilikueleza mwanzoni: inakazwa na mwendo wa mkono. Ukiilaza mezani, kesho yake itasimama, hata iwe imetoka kiwandani leo. Mkononi mwangu inatembea. Unasema yeye haivui. Unasema iko juu ya blanketi. Unasema unamlisha uji, unamwogesha. Baba yetu, Mzee Filemoni, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu ammiminie hata maji ya kunawa!

Dada, mkono wa baba una nini?

Lenard

*

Njombe, 21 Julai 2023

Lenard,

Nisamehe. Nitakueleza sasa.

Ilikuwa wakati wa Kwaresima. Alikuwa anatoka ibadani, akaanguka langoni kwa kanisa. Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wote wa kushoto umekufa, mkono na mguu, na mdomo umeenda upande. Anaongea, lakini maneno yanatoka yamevurugika, yanachuruzika na mate. Wageni hawamwelewi. Hata mchungaji anaitikia tu. Mimi ndiye ninayemwelewa, kwa sababu nashinda naye.

Nilimshauri avae saa mkono wa kulia. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema saa ya mwanaume hukaa kushoto.

Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Asije kunitazama nikiwa hivi." Nikamtii. Lakini Mungu anajua, nilipokuwa naifunga ile saa kwenye kitambaa nilitamani uone kitu ambacho mimi nilizuiwa kukisema. Sikujua kama itakuambia. Mimi nilidhani kweli ni mbovu.

Hali inashuka. Tangu wiki hii hata uji anaukataa. Mimi sijui uliondokea nini hapa nyumbani, hukuniambia, yeye naye hukumbuka tu kwamba uliondoka bila kuaga. Sasa si wakati wa kuulizana. Njoo.

Hulda

*

Makambako, 24 Julai 2023

Dada,

Nitakuja Jumamosi. Kuna saa za watu ambazo siwezi kuziacha zikiwa zimefunguliwa, nikizifunga tu napanda basi.

Lakini kabla sijaingia mlango ule lazima mmoja wenu ajue kwa nini niliutoka. Unakumbuka nilivyougua homa ya uti wa mgongo nikiwa kidato cha pili, nikarudi kutoka hospitali sisikii. Wewe ulijifunza kunigeukia unaponisemesha. Mama, Mungu amrehemu, alijifunza. Baba hakujifunza. Akinisemesha alikuwa anatazama dirishani, nisipojibu anaacha. Mwisho akaacha kabisa. Nilivumilia, nikajua ni huzuni yake.

Halafu siku moja, mama alishazikwa, walikuja wageni kutoka Tandala. Mimi nilikuwa ukumbini karibu na mlango naitengeneza redio. Mgeni mmoja akamuuliza baba ana watoto wangapi. Baba alikuwa amenielekea kabisa, mwanga wote ukimpiga usoni. Alisema, "Ninaye mmoja tu, Hulda." Nilimsoma mdomo kama ninavyosoma maandishi. Alidhani kwa kuwa sisikii, sipo.

Nikaweka bisibisi chini, nikachukua koti. Ni hayo tu. Sikuwahi kumwambia mtu.

Barua hii ukiona vema msomee. Ukiona vibaya ichome.

Lenard

*

Njombe, 4 Septemba 2023

Lenard,

Natumaini ulifika salama baada ya mazishi. Ulipanda basi upesi hivyo hata chakula cha kumalizia msiba hukula, nami sikupata nafasi ya kukaa na wewe. Nyumba imekuwa kubwa. Nikipika, napika kingi kwa mazoea, halafu namwaga.

Nataka kukuuliza jambo. Ile Jumamosi ulipofika, mimi nilikukaribisha, nikakuacha na baba, nikaenda duka la dawa. Niliporudi nilikukuta umepiga magoti kando ya kitanda na yeye amefumba macho. Usiku wake akazimika na hakuongea tena mpaka Mungu alipomchukua. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho ya maana alikuachia wewe.

Mama Dorosela jirani alikuwa ameleta maziwa, akawaona kutoka mlangoni. Amewasimulia watu wote. Kwamba baba aliongea nawe kwa kirefu, nawe ukawa unaitikia, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba." Baba mdogo Aloyce alilisimamia hilo hadharani kule Kifanya, kaburini. Wewe ulikuwa umesimama mbele, umempa mgongo, labda hukumwona mdomo. Alisema, "Kaka hakufa na kinyongo. Amemsamehe mwanawe na kumkabidhi nyumba yake, na kijana amekubali." Ndiyo maana wazee walikuja kukushika mkono mmoja mmoja, ndiyo maana ulipewa udongo wa kwanza.

Mimi sikupewa kitu, nami sikuomba. Nimemgeuza kitandani, nimemfulia, nimemlisha. Siyahesabu. Lakini kama alikupa nyumba, niambie wewe mwenyewe, nisiambiwe na baba mdogo. Ameshanidokeza kwamba mwanamke asiye na mume hawezi kukaa kwenye nyumba ya ukoo kama mlinzi, na kwamba yeye yuko tayari kukutafutia mpangaji na kumsimamia. Nitafungasha vitu vyangu bila kelele. Tarehe thelathini kuna kikao cha ukoo kuyamaliza haya.

Saa ameichukua baba mdogo. Anaivaa. Inatembea vizuri.

Hulda

*

Makambako, 9 Septemba 2023

Dada Hulda,

Usifungashe chochote.

Nitakuambia kilichotokea chumbani, na ukikisoma utajua kwa nini nilikimbilia basi.

Nilipoingia alinitambua. Jicho lake la kulia lilinishika tangu mlangoni. Nikapiga magoti ili uso wangu uwe sawa na wake. Akaanza kusema. Dada, miaka yote hii nimengoja baba anigeukie na kunisemesha, na siku ile alinigeukia. Uso wote. Hakutazama dirishani.

Na mimi sikuambulia hata neno moja.

Mimi nasikia kwa macho, nawe unajua. Nahitaji midomo yote miwili, pande zote mbili. Mdomo wa baba ulikuwa unacheza upande mmoja tu, upande wa pili umelala na mate yakimtoka. Hata kwa mtu asiye mgonjwa, "ma" na "ba" na "pa" kwangu zinafanana, midomo inafunga vilevile. Huwa nabahatisha kwa yale yanayofuata. Kwake hapakuwa na cha kufuata. Niliona midomo inafunga, inafunguka, inafunga. Huenda alisema mwanangu. Huenda alimtaja mama. Huenda alikuwa anaomba maji, dada, na maji yalikuwa pale mezani nami sikumpa.

Ningekuita. Ningetoka nje nikakungoja, ukaja ukanitafsiria. Au ningemwambia, baba, sikuelewi. Lakini ndilo neno lililokuwa limemchosha kwangu tangu nilipougua. Niliona akijua kuwa hata sasa simwelewi, ataacha tena. Basi nikaitikia kwa kichwa. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaendelea. Nikasema tena, "Ndiyo, baba." Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akafumba macho.

Nilikubali. Sijui nilikubali nini.

Kule Kifanya sikujua baba mdogo amesema nini, lakini niliona watu wamebadilika. Wazee ambao miaka yote walinipita kama nguzo walinishika mkono kwa mikono miwili. Sikuuliza sababu. Nilijua tu kwamba si haki yangu, na mkono sikuuondoa. Tangu nipoteze masikio sikuwahi kusimama katikati ya ukoo wangu. Nilijipa siku ile moja.

Tarehe thelathini nitakuja. Nitasimama niseme kwamba sikusikia kitu. Najua watakavyonitazama baada ya hapo.

Nijibu jambo moja, na usinifiche tena kwa kunihurumia. Barua yangu ya mwezi wa saba, ulimsomea?

Lenard

*

Njombe, 8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Lenard,

Kwenye kikao, ulipomaliza kusema ulitazama chini, kwa hiyo mengine hukuyaona. Mimi nilikuwepo kwa masikio yetu wote wawili, acha nikuandikie.

Ulisema kwa sauti kubwa kuliko unavyodhani. Hata watu wa nje waligeuka. Ulipofika pale pa "sikuelewa neno hata moja", Mama Dorosela alijifunika kanga usoni. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Basi tumemzika mtu na hatujui alichosema." Halafu baba mdogo akacheka. Alisema, "Ndugu zangu, kiziwi anatuambia kwamba hakusikia. Hilo tulikuwa tunalijua! Kutosikia kwake hakumaanishi kaka hakusema. Kaka alisema, kijana aliitikia, na shahidi yupo." Wengine nao wakacheka. Nilimshukuru Mungu kwamba unatazama chini.

Yaliyofuata uliyaona, maana alikuja kukuinua kidevu ili umsome: "Nyumba ni yako. Tumemaliza." Nawe ukamwambia, "Ikiwa ni yangu, basi nampa dada yangu, leo, mbele yenu wote." Hakuwa ametegemea hilo. Aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, hakumpata. Ulipokwisha kuondoka alisema nje, karibu na zizi, kwamba marehemu alijua sababu ya kutokukuhesabu. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini tumekubaliana tusifichane. Aliondoka bila kula. Wazee waliobaki waliandika kwamba nyumba ni yangu, wakatia saini, na hakuna aliyekutaja kwa wema wala kwa ubaya. Walizungumzia bei ya parachichi.

Hivyo niko ndani ya nyumba hii, na aliyenipa ni wewe, kitu ambacho huna hakika kama ulipewa. Nakushukuru. Sijui shukrani hiyo niiweke wapi.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo mwezi mzima.

Ndiyo, nilimsomea. Ijumaa jioni, siku moja kabla hujaja. Nilimsomea polepole mpaka kwenye koti na bisibisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulala. Nikamuuliza, "Baba, ni kweli ulimwambia yule mgeni hivyo?" Akawa anatafuta huku na huku kwa lile jicho lake moja. Kisha akajibu. Nililielewa vizuri, kwa sababu alilirudia na kulirudia kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Alisema, "Sikumbuki."

Hakuwa anadanganya, Lenard. Namjua akidanganya. Neno lililokutoa nyumbani, ambalo umelibeba miaka yote, yeye hakuwa nalo. Lilimtoka mbele ya wageni likaisha hapohapo.

Alichokuambia kesho yake sikijui, na sitakijua. Ningeweza kukutungia kitu kizuri, nikasema alinidokeza usiku. Ungeniamini. Lakini wewe ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema hukusikia, na mimi siwezi kuwa mdogo kuliko hapo.

Viazi vya kinyunguni, kule bustani ya bondeni, vimekomaa, vikubwa, na havina ugonjwa. Siwezi kuvichimba peke yangu na siwezi kuvila peke yangu. Njoo Jumamosi. Usipoweza, niandikie ni Jumamosi ipi.

Dada yako,
Hulda